Deni la mtaji lisimpeleke mama gerezani: somo la Munzenze

Tarehe 27 Januari 2025, wakati risasi zilikuwa zikilia katika mji wa Goma, wafungwa wa gereza kuu la Munzenze walivunja milango na kukimbia. Kabla ya kutoka, kundi la wafungwa wanaume liliingia upande wa wamama. Siku chache baadaye, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba wanawake wasiopungua 165 walibakwa, na kwamba wengi wao walikufa katika moto ulioteketeza gereza. Afisa mmoja wa sheria aliyeongea na ofisi hiyo alisema waliookoka ni kati ya 9 na 13 tu. Taarifa zilizofuata zilionyesha kwamba watoto wadogo waliokuwa wakiishi gerezani na mama zao walikufa pia.

Mengi yamesemwa juu ya siku ile: nani alifungua milango, nani alikuwa analinda, nani aliwasha moto. Lakini kuna swali lingine ambalo halijaulizwa sana. Wamama wale walikuwa mle ndani kwa makosa gani? Na je, kila mmoja wao alipaswa kuwa mle?

Katika magereza ya nchi yetu, wafungwa walio wengi ni watu ambao bado wanangoja kuhukumiwa. Hakuna hakimu wa Kongo aliyewahukumu wamama wa Munzenze kubakwa wala kuungua. Ila mtu akifungiwa katika nyumba kama ile, hayo yote yanaweza kumpata kabla hata faili lake halijafunguliwa mbele ya mahakama.

Haikuwa mara ya kwanza

Mnamo Septemba 2020, katika gereza la Kasapa huko Lubumbashi, wafungwa waliasi. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, kwa muda wa siku tatu makumi ya wanawake, pamoja na msichana mmoja, waliachwa bila ulinzi na kubakwa mara nyingi. Tarehe 2 Septemba 2024, wafungwa walijaribu kutoroka gereza la Makala mjini Kinshasa. Serikali ilitangaza vifo 129. Hati ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba kati ya wanawake 348 waliokuwa ndani, 268 walitendewa ukatili wa kingono.

Hiyo ni miji mitatu katika muda usiofika miaka mitano, na sababu zinafanana. Mara nyingi kile tunachoita "upande wa wamama" ni kijumba au kiwanja kidogo ndani ya ukuta uleule wa gereza la wanaume. Kinachowatenganisha ni mlango tu. Makala lilijengwa kwa watu 1,500, lakini siku ile lilikuwa na zaidi ya 10,000. Askari wakikimbia au wakizidiwa, ule mlango hauzuii kitu.

Tangu mwaka 2010 Umoja wa Mataifa una kanuni 70 juu ya wafungwa wanawake, zinazoitwa kanuni za Bangkok. Zinaomba mataifa yatafute kwanza njia nyingine kuliko gereza, hasa kwa mama mwenye mimba au mwenye watoto wa kulea. Ombi hilo ni la busara, na hapa kwetu ni jambo la uzima au kifo.

Kutoka sokoni hadi kasho

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu mmoja tunayemjua, lakini mama yeyote wa soko la Virunga kule Goma au la Kadutu kule Bukavu atautambua.

Mama anauza vitenge. Amekopa pesa kidogo katika kikundi chake cha AVEC, na jirani amemkabidhi mzigo wa dola 200 ili auze, kisha amrudishie pesa. Vita vinafunga barabara, mzigo unaporwa njiani. Siku ya kulipa inafika, hana kitu mkononi. Jirani anangoja wiki mbili, halafu anaenda polisi. Hasemi "ninamdai." Anasema "amekula pesa yangu."

Kwenye karatasi ya OPJ, deni linabadilika jina. Linakuwa "abus de confiance", yaani kuvunja uaminifu, kosa ambalo kanuni ya adhabu inaliwekea kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Hapa ndipo wengi wanapotea. Aliyekabidhiwa mali akaila kwa makusudi, huyo ametenda kosa. Aliyekopa akashindwa kulipa kwa sababu ameporwa au biashara imeanguka, huyo ana deni, na deni si kosa la gereza. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliujiunga mwaka 1976, unakataza wazi kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Lakini ili kujua kama mama huyu amekula au ameporwa, lazima mtu aketi na kusikiliza. Kumfungia mlango ni rahisi zaidi.

Jioni ile mama analala kasho. Katiba, katika kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni na kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinasema polisi haiwezi kumshika mtu zaidi ya masaa 48 bila kumpeleka mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Faili likifika parke, hati ya kumkamata kwa muda ni ya siku 5. Hakimu akikubali, ni siku 15 gerezani, kisha siku 30, na siku 30 tena. Sheria ya mwaka 1959 inayoongoza mambo haya inasema kuwa kumfunga mtu kabla ya hukumu ni hatua ya pekee. Katika maisha ya kila siku imekuwa ni desturi.

Sasa tufanye hesabu. Jirani hajapata hata dola moja, kwa maana aliye gerezani hauzi. Kikundi cha AVEC nacho kimekwama, na wamama wengine waliokuwa wakingoja zamu ya kukopa wanangoja bure. Watoto wakubwa wanaacha masomo. Yule anayenyonya anaingia gerezani na mama yake. Chakula cha gereza hakitoshi, basi dada au binti anabeba sahani kila siku. Mwanaume akifungwa, mara nyingi bibi yake ndiye anayebeba sahani hiyo. Mwanamke akifungwa, mara nyingi bwana anakuja wiki ya kwanza, ya pili, kisha anaacha kuja.

Mhanga na mfungwa ni mtu mmoja

Tumezoea kuwagawanya wanawake katika makundi mawili: aliyetendewa maovu, ambaye tunamhurumia, na aliyetenda maovu, ambaye tunamhukumu. Huku kwetu mashariki, mara nyingi ni mtu mmoja.

Msichana amebakwa njiani akienda shambani, amepata mimba, akaenda kwa siri kuitoa. Kanuni ya adhabu inamwekea kifungo cha miaka mingi. Lakini itifaki ya Maputo, ambayo nchi yetu iliiridhia na kuitangaza katika gazeti rasmi la serikali Machi 2018, inaruhusu mimba iliyotokana na ubakaji kutolewa na daktari. Wengi hawaijui, hata kati ya wauguzi na polisi. Kwa hiyo yule aliyembaka yuko huru msituni, na yeye yuko kasho.

Au mama amepigwa na bwana yake miaka kumi. Usiku mmoja naye anapiga, na pigo linaleta jeraha kubwa. Anakamatwa asubuhi ileile. Katika faili lake kuna pigo moja, lile la kwake. Yale ya miaka kumi hayamo, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika.

Mbele ya mahakama maswali ni matatu: sheria gani imevunjwa, nani ameivunja, na adhabu yake ni ipi. Ni maswali ya lazima. Lakini hayatoshi kumrudisha mtu katika maisha, wala aliyekosa wala aliyekosewa.

Maswali ya baraza

Wazee wetu walikuwa na maswali mengine. Katika baraza la kijiji, katika kyaghanda kwa Wanande, kwa bashingantahe upande wa Burundi, watu waliketi na kuuliza: nani ameumia? Anahitaji nini ili asimame tena? Nani anapaswa kukitoa? Na tutafanya nini ili jambo hili lisirudi?

Hayo ndiyo wanasheria wa nchi nyingi wanayaita leo haki ya kurekebisha. Huko Kanada, mwaka 1974, vijana wawili walioharibu mali za watu 22 katika mji mdogo wa Elmira hawakupelekwa gerezani moja kwa moja. Walipelekwa nyumba kwa nyumba, wakatazamana na wale waliowakosea, wakalipa. Wazungu waliandika vitabu vingi juu ya kesi ile. Bibi zetu wasingeshangaa.

Turudi kwa mama wa vitenge. Jirani, viongozi wa AVEC na mkuu wa avenue wanaketi. Kwanza wanatafuta ukweli: mzigo uliporwa wapi, nani alikuwepo, dereva anasema nini? Ikiwa mama ameporwa, hasara inajulikana na mapatano yanafanywa. Dola 5 kila Jumamosi, mbele ya shahidi mmoja, na katika wiki 40 dola 200 zimeisha. Ikiwa ukweli ni kwamba amekula, anakiri mbele ya wote, analipa, na akikataa njia ya parke iko wazi. Jirani anapata mali yake. Watoto wanaendelea kulala nyumbani. Kikundi kinaendelea kuweka akiba.

Wazo hili si geni katika sheria yetu. Kwa makosa madogo ambayo hakimu angetoa faini tu, OPJ anaweza tayari kumwita mkosaji alipe faini katika hazina ya serikali na kesi ikaishia hapo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatambua upatanishi kwa mtoto aliyekosana na sheria. Tena hata aliyefunguliwa kesi anaweza kuomba kuachiliwa kwa muda akiwa na dhamana.

Lakini tusidanganyane. Baraza nalo linaweza kumponda mwanamke. Kama wanaoketi kwenye viti ni wanaume watupu na mama anaongea wa mwisho, kama lazima kwanza aleta bia au mbuzi ndipo asikilizwe, kama anakubali mapatano kwa kutishwa, hapo hakuna kilichorekebishwa. Tukumbuke Septemba 2021 katika Kivu Kusini, ambapo wanawake kadhaa walioitwa wachawi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, na watu wa vijiji vyao wenyewe. Umati si baraza.

Mbuzi wawili si haki

Kuna kesi ambazo baraza halina ruhusa ya kuzigusa. Ya kwanza ni ubakaji.

Tunajua jinsi inavyokwenda. Familia mbili zinaketi jioni. Upande wa kijana unaleta mbuzi wawili, au pesa, au unasema kijana atamuoa msichana. Watu wanapeana mikono. Inaitwa "kumaliza nyumbani."

Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziko wazi. Ubakaji una kifungo cha miaka 5 hadi 20, na ile faini ya kumaliza kesi haitumiki kamwe kwa ukatili wa kingono. Uchunguzi usizidi mwezi mmoja, na hukumu itoke katika miezi mitatu tangu wenye mamlaka ya sheria wapokee kesi.

Wengine watasema sheria hizo zinapinga desturi ya upatanisho. Basi tuchukue yale maswali ya baraza lenyewe. Nani ameumia? Ni msichana. Anahitaji nini? Hospitali, usalama, heshima yake, masomo yake. Nani amepokea mbuzi? Baba, au mjomba. Nani ameepuka gereza? Kijana. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha wazee, kilichofanyika siku ile ni biashara kati ya wanaume juu ya kichwa cha msichana. Tena kumwoza kwa aliyembaka ni kulirudisha lile tendo kila usiku.

Hata Rwanda, ambako mahakama za gacaca zilihukumu kesi karibu milioni mbili za mauaji ya kimbari hadi zilipofungwa mwaka 2012, kesi za ubakaji zilipopelekwa huko tangu 2008 zilisikilizwa faraghani. Hakuna mwanamke aliyetakiwa kueleza hayo mbele ya kijiji kizima kwenye majani.

Kurekebisha, kwa aliyebakwa, kuna maana nyingine. Mfano uko Kavumu, karibu na Bukavu. Kati ya 2013 na 2016, wasichana wadogo karibu 40, wengine wachanga kabisa, walichukuliwa usiku katika nyumba zao na kubakwa. Tarehe 13 Desemba 2017, korti ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwahukumu wanamgambo 11, akiwemo mbunge wa jimbo aliyewaongoza, kifungo cha maisha. Hukumu ile haikuishia kwenye adhabu. Iliamuru fidia ya dola 5,000 kwa kila mhanga, na dola 15,000 kwa familia za waliouawa.

Ugumu unaanza baada ya hukumu. Katika kesi nyingi za namna hiyo, fidia imebaki kwenye karatasi. Mkosaji hana mali, serikali haina haraka. Ndiyo maana sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda mfuko wa FONAREV kwa ajili ya wahanga wa ukatili wa kingono wa vita na makosa mengine makubwa, na asilimia 11 ya ushuru wa madini imetengwa kwa ajili yake. Swali la tatu la baraza, "nani anapaswa kukitoa?", hapa linaelekezwa kwa serikali. Wamama wana haki ya kuliuliza kila mwaka, kwa sauti.

Mahakama zikinyamaza

Tangu Goma na Bukavu zilipotwaliwa na AFC/M23 mnamo Januari na Februari 2025, mahakama za serikali hazifanyi tena kazi huko kama zamani. Watu wanapeleka kesi kwa mkuu wa avenue, kwa wazee, kanisani, au kwa wale wenye mamlaka ya sasa. Vita vimewaleta wanawake wengi mbele ya baraza bila wao kuchagua. Kwa hiyo mambo haya si ya kungoja amani.

Kwa vikundi vya AVEC na MUSO: andikeni katika kanuni zenu kwamba mwanachama akishindwa kulipa, kikao kinakuja kabla ya polisi. Tumieni kasha la msaada kwa aliyeporwa. Wekeni kila mapatano kwenye daftari, na kila mmoja abaki na nakala.

Kwa aliyeitwa barazani: ombeni wamama wawili au zaidi waketi kati ya wasikilizaji. Kila upande useme bila kukatizwa. Mapatano yasomwe kwa lugha ambayo wote wanaielewa, na asiyekubali awe huru kuondoka.

Kwa aliyekamatwa: uliza kosa lako ni lipi, na andika saa uliyoshikwa. Kifungu kilekile cha 18 cha katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu katika lugha unayoielewa, na kuwasiliana mara moja na familia au avoka wako. Kama ni deni, sema ni deni, na utaje mashahidi.

Kwa aliyebakwa na familia yake: hospitali kwanza, kabla ya masaa 72 kupita, ili dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi ifanye kazi. Mazungumzo ya mbuzi yasisikilizwe. Mahali ambapo mahakama haipo leo, karatasi ya daktari itunzwe vizuri. Siku mahakama itakapofunguliwa, karatasi ile itasema.

Anaporudi nyumbani

Bado kuna kazi moja ambayo hakuna mahakama inayoweza kuifanya. Mama anapotoka gerezani, hata bila hukumu, anakuta hukumu nyingine nyumbani. Bwana ameleta mwingine. Kanisani nafasi yake ya kwaya imechukuliwa. Kikundi hakimkopeshi tena. Watu wanajua, au wanafikiri wanajua, kilichompata mle ndani, nao hawamuulizi, na yeye hasemi. Wachache waliookoka Munzenze wanabeba vyote viwili: alama ya mfungwa na alama ya aliyebakwa.

Hapo baraza lina kazi yake ya kweli. Familia iitwe, watoto wawepo, mtu mzima mwenye heshima aseme wazi kwamba mama huyu amerudi na hakuna atakayemtupia neno. Kikundi kimpe tena kiti, hata kwa mkopo mdogo wa kuanzia nyanya. Gharama yake ni asubuhi moja ya Jumapili.

Wale waliobaki katika moto hatuwezi kuwaita kwenye kikao. Lakini wiki hii, mahali fulani katika mtaa wetu, jirani amekwisha kasirika juu ya dola 200, na yuko njiani kuelekea kituo cha polisi. Huyo bado anaweza kuitwa.